Kujifunza Vifaa vya Filamu Ukiwa Mwanafunzi: Kutoka Stoo ya Chuo hadi Meza ya Uhariri

Mwanafunzi wa filamu kwa kawaida huipata kamera ya chuo kwa saa chache tu kwa juma, tena akiwa katika kundi la watu sita au kumi, na anayeishika muda wote huwa ni yule aliyekuja chuoni akiwa tayari anaijua. Wengine hubeba tripodi, hushika mwavuli, huandika namba za shoti, na mwaka unapokwisha huwa wanayajua majina ya vifaa vyote bila kuwahi kurekodi mazungumzo hata mara moja yakasikika vizuri. Mwongozo huu ni wa hao wengine. Unamchukulia msomaji kama mtu anayeweza kuazima kamera, maikrofoni na tripodi kwa siku moja au mbili, au mwenye simu tu, na unampitisha kifaa baada ya kifaa kwa kutumia zoezi moja: filamu ya dakika tatu inayomwonyesha fundi baiskeli wa mtaani akiziba pancha.

Nimemchagua fundi baiskeli kwa makusudi. Kazi yake ina mwanzo na mwisho, kwa hiyo huhitaji kubuni hadithi. Hukaa chini ya mti au kibanda, mahali ambapo kivuli kizito na jua kali hukutana. Yuko kando ya barabara, na pikipiki hazimkomi. Mikono yake inafanya mambo madogo yanayodai kamera isogee karibu: kukwaruza tyubu kwa msasa, kupaka solusheni, kungoja ikauke kidogo, kubandika kiraka. Matatizo yote ambayo vifaa vya filamu viliundwa kuyatatua yamekusanyika mbele ya kigoda kimoja.

Kabla ya kutoka stoo

Usitie sahihi kwenye daftari la stoo kabla ya kufungua kila mfuko. Washa kamera, rekodi sekunde kumi, tazama ulichorekodi, kisha ufanye hivyo hivyo kwa kinasa sauti huku umevaa hedifoni. Chomeka kila waya na uutikise kidogo mahali unapoingia kwenye kichwa chake, kwa kuwa hapo ndipo nyaya hukatikia kwa ndani. Iangalie lenzi dhidi ya mwanga. Hesabu betri na uhakikishe kwamba chaja uliyopewa ni ya betri hizo. Halafu tafuta kile kibao kidogo kinachofungwa chini ya kamera ili ikae juu ya tripodi. Kikikosekana, tripodi ya kilo tano inageuka mzigo mtupu, na ni kifaa kinachopotea kuliko vyote kwa sababu mtu huirudisha kamera akiwa amekisahau chini yake.

Pata pia kitabu cha maelekezo cha kamera hiyo hiyo. Watengenezaji wengi huvitoa bure kwenye tovuti zao, nacho kikiwa ndani ya simu yako kitakusaidia kuliko video ishirini zinazolinganisha kamera hii na ile. Usikisome chote. Soma kurasa za kurekodi video, za sauti na za kadi, kisha ukiwa nyumbani jizoeze kubadilisha vipimo vinne vya msingi bila kutazama vitufe, hata gizani. Usoni mwa fundi kutapita jambo litakalodumu sekunde mbili, na hapo hapatakuwa na muda wa kutafuta menyu.

Kamera: vipimo vinne na umeme wa nchi yako

Vipimo hivyo ni idadi ya fremu, yaani picha moja moja, kwa sekunde; kasi ya shata, yaani sehemu ya sekunde ambayo kila fremu hupokea mwanga; tundu la lenzi, yaani upana wa njia ya mwanga, unaoandikwa kwa f na namba inayokua kadiri tundu linavyokuwa dogo; na ISO, yaani kiasi ambacho kamera huukuza mwanga ulionaswa. Weka kamera katika hali ya mkono, yaani hali ambayo wewe ndiye unayeamua, kisha anza na fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50. Namba hizi zina sababu zake. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda ni wa hezi 50, na taa nyingi zinazoutumia, hasa zile ndefu za tyubu na baadhi ya za LED za bei nafuu, humeta mara 100 kwa sekunde bila macho yetu kutambua. Shata ya 1/50 hufunika mimeto miwili kamili kwa kila fremu, kwa hiyo picha hutulia. Ukirekodi kwa fremu 30, jinsi simu nyingi zinavyokuja kutoka kiwandani, na shata ya 1/60, utaona mistari au mawimbi ya mwanga yakipanda na kushuka ukutani. Ikiwa menyu ya kamera inakuuliza uchague kati ya PAL na NTSC, mifumo miwili ya video, chagua PAL, ule wa fremu 25. Vilevile shata yenye kasi iliyo mara mbili ya idadi ya fremu huupa mwendo ule ukungu mdogo ambao jicho limeuzoea kwenye sinema. Ukipandisha shata hadi 1/1000, mikono ya fundi itaonekana ikirukaruka.

Vipimo viwili vya kwanza vikishafungwa, vinabaki viwili vya kudhibiti mwanga, na hapa ndipo jua letu linapowashangaza wanafunzi. Katika jua kali la mchana, ukiwa na ISO 100 na shata ya 1/50, utahitaji tundu la karibu f/22, ambalo hulegeza makali ya picha na kuonyesha kila kitu kilichoko nyuma, pamoja na ukuta wenye tangazo la mganga. Ukitaka f/4 ili fundi ajitenge na mandhari, lazima upunguze mwanga kwa hatua tano, na kila hatua hukata mwanga kwa nusu. Kazi hiyo hufanywa na kichujio cha ND32, kioo cheusi kinachofungwa mbele ya lenzi. Ikiwa chuo kina kichujio kimoja tu, kiombe kabla hujaomba lenzi ya pili.

ISO iache chini nje na uipandishe ndani pale tu tundu linapokuwa limeshafunguka lote, kwa sababu kila unapoipandisha, chembechembe huongezeka kwenye sehemu za giza. Mizani ya weupe, inayoiambia kamera nyeupe ni ipi, nayo usiiache ijiamulie: weka Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5600 kwa mwanga wa mchana na 3200 kwa taa za rangi ya chungwa, au pima kwa karatasi nyeupe iliyowekwa pale pale alipo fundi. Mizani inayojirekebisha yenyewe itabadilika kila shati jekundu linapopita, na utakuja kulipa deni hilo kwenye uhariri, klipu baada ya klipu.

Zoezi la fokasi, yaani kuyaweka makali ya picha pale unapotaka, fanya peke yako kabla ya siku yenyewe. Panga chupa tatu mezani kwa umbali tofauti, fungua tundu kadiri linavyokubali, zima fokasi ya kujiendesha, kisha uhamishe fokasi kutoka chupa moja hadi nyingine kwa mkono mpaka ifike bila kupitiliza. Nusu saa kwa siku kwa muda wa juma moja inatosha.

Kama mlikuwa kwenye gari au chumba chenye kiyoyozi, kamera ikitolewa ghafla kwenye joto la pwani, lenzi hufunikwa na ukungu. Usiifute. Iache ndani ya mfuko uliofungwa kwa muda wa nusu saa hivi, ipate joto taratibu.

Mwanga na ngozi ya fundi

Dar es Salaam jua la adhuhuri hupita utosini kabisa mwanzoni mwa Machi na tena katika Oktoba, na hata miezi mingine huwa juu sana kati ya saa tano na saa tisa. Mwanga unaotoka utosini hujaza kivuli kwenye matundu ya macho, na macho ndiyo yanayomwambia mtazamaji fundi anafikiri nini. Panga kazi kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni. Ikiwa fundi anapatikana mchana tu, mkalishe kivulini karibu na ukingo wa jua, uso ukielekea nje. Ardhi yenye mchanga mweupe itarudisha mwanga kutoka chini bila gharama. Shuka jeupe lililotandikwa miguuni pake nje ya fremu, au karatasi kubwa ya manila iliyoshikwa na mwenzako, hufanya kazi ile ile ya kioo cha kurudisha mwanga kinachouzwa dukani.

Upimaji wa mwanga kwenye ngozi nyeusi unahitaji kusemwa waziwazi, kwa kuwa mafunzo mengi ya mtandaoni hulipita. Kamera ikiachiwa ijiamulie, hujitahidi kuifanya fremu nzima iwe na wastani wa kijivu. Fundi mweusi mbele ya ukuta mweupe au anga hugeuka kivuli, na akiwa mbele ya giza la kibanda ngozi yake hupaushwa. Katika karne iliyopita maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, zilizojulikana kwa jina la Shirley, na tabia hiyo haijafutika kabisa kwenye mazoea ya fani. Ushauri wa kuziweka alama za pundamilia, yaani mistari ambayo kamera huichora juu ya sehemu zilizofikia mwangaza uliouchagua, kwenye asilimia 70 ili zionekane usoni ulikusudiwa ngozi nyeupe. Ukiufuata kwa mtu mweusi utamwangaza kupita kiasi. Tumia alama hizo kulinda kile kinachong'aa, kama jasho kwenye paji la uso, na uso wenyewe upime kwa jicho na kwa histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga kwenye fremu. Kisha, badala ya kuongeza mwanga kwa nguvu, leta mwanga mpana kutoka ubavuni, kwa sababu ngozi nyeusi hupendeza kwa jinsi inavyoakisi.

Taa za stoo utazihitaji zaidi ukihamia ndani. Inatosha kukumbuka mambo mawili: usichanganye dirisha na balbu ya chungwa kwenye uso mmoja, na ukitaka mwanga laini, tanua chanzo chake kwa kuupitisha kwenye kitambaa cheupe. Zile taa za zamani za wati 1000 huunguza kitambaa na vidole, kwa hiyo kitambaa kisiiguse taa.

Sauti

Hapa nitakaa muda mrefu zaidi, kwa kuwa nimeshaona filamu nyingi za wanafunzi zikiwa na picha nzuri zisizotazamika kwa sababu maneno hayasikiki, na sijawahi kuona kinyume chake kikiiua filamu.

Nilipokuwa mwanafunzi nilimrekodi mzee mmoja, fundi wa viti vya ukindu, kwa dakika arobaini. Alizungumza vizuri, kwa utulivu, akafika mahali akanyamaza na kuutazama mkono wake uliokosa kidole. Kinasa sauti kilikuwa kinaonyesha mistari ikicheza, nami nikaridhika na mistari. Hedifoni zilikuwa shingoni. Usiku niligundua kwamba waya ulikuwa haujaingia hadi mwisho, na kilichorekodiwa ni mvumo na maikrofoni ndogo ya kinasa chenyewe ikiokota barabara. Nilirudi baada ya juma moja. Alikubali kusimulia tena, lakini safari hii alisimulia kama mtu anayekariri, na kwenye kidole hakunyamaza.

Kwa hiyo hedifoni zikae masikioni kuanzia kabla ya kubonyeza kitufe hadi baada ya kukizima. Ziwe za kufunika sikio, na uwe unasikiliza mambo mawili kwa zamu: kwanza maneno, halafu kila kisicho maneno. Sikio la kawaida huchuja kelele bila kukuarifu, maikrofoni haichuji.

Kanuni inayofuata ni ukaribu. Ukiupunguza umbali kati ya mdomo na maikrofoni kwa nusu, sauti ya mzungumzaji huongezeka kwa takriban desibeli 6, wakati kelele ya barabara hubaki pale ilipokuwa. Hakuna maikrofoni ya bei yoyote inayofanya kazi hiyo ikiwa mita tatu mbali. Ukiwa na maikrofoni ndefu ya kuelekeza, mwenzako aishike kwa ufito mrefu juu ya kichwa cha fundi, nje kidogo tu ya fremu, ikielekea kifuani. Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba maikrofoni hiyo huchukua pia kilichoko nyuma ya mzungumzaji kwenye mstari ule ule. Ikielekezwa chini huikuta ardhi, ikielekezwa mlalo huikuta barabara. Maikrofoni ndogo ya nguoni ibandikwe kiganja kimoja au viwili chini ya kidevu, mbali na mkufu na tasbihi, na ukunje waya kitanzi kidogo ndani ya shati ili mtikisiko usipande. Nje, hata upepo mdogo unahitaji kifuniko cha manyoya.

Maikrofoni nyingi za aina ya kondensa zinahitaji volti 48 kutoka kwenye kinasa au kamera. Kama hakuna sauti kabisa, angalia swichi hiyo kabla ya kulaumu waya. Rekodi kwa kilohezi 48 na biti 24. Mwombe fundi aeleze alikula nini asubuhi, na wakati anaeleza panga kiwango cha sauti ili maneno yake yafike kati ya desibeli -18 na -12, akicheka yasivuke -6. Sauti iliyogonga 0 hukatika juu na hairekebishiki.

Ikiwa kinasa kiko peke yake nje ya kamera, acha maikrofoni ya kamera nayo irekodi, na mwanzoni mwa kila shoti piga kofi moja mbele ya lenzi. Kofi hilo ndilo utakalotumia kuoanisha picha na sauti.

Kabla ya kuondoka, waombe wote wanyamaze kwa dakika moja na urekodi eneo lenyewe: majani, pikipiki ya mbali, redio ya jirani. Utaitumia kuziba mianya kati ya vipande vya maneno. Kisha rekodi kazi peke yake, maikrofoni ikiwa karibu sana. Fundi anapolitumbukiza tyubu kwenye beseni na kulizungusha taratibu, kuna wakati ambapo viputo vinaanza kupanda mahali pamoja kwa mlio mwembamba, na yeye huweka kidole pale bila kutazama. Sauti hiyo ya sekunde nne, ikirekodiwa sentimita ishirini kutoka kwenye maji, ina thamani kuliko maelezo yake yote kuhusu namna ya kutafuta tundu.

Ukiwa na simu tu

Zoezi halibadiliki. Programu ya Blackmagic Camera hupatikana bure kwa simu za iPhone na kwa baadhi ya simu za Android, nayo hukuruhusu kufunga fremu 25, shata, ISO na mizani ya weupe kama kwenye kamera kubwa. Kama simu yako haiikubali, tafuta nyingine yenye hali ya mkono. Futa lenzi kwa kitambaa safi kila mara, kwa kuwa alama ya kidole hufanya picha ionekane kama ya asubuhi ya ukungu. Usivute picha kwa vidole, sogea. Fedha ya kwanza utakayopata, nunua maikrofoni ya nguoni, halafu ndipo ufikirie kingine.

Kadi, diski na hesabu

Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde hutumia megabaiti 12.5 kila sekunde (baiti moja ni biti nane), yaani 750 kwa dakika, au gigabaiti 45 kwa saa. Kadi ya GB 64 itakupa dakika kama themanini. Fanya hesabu hiyo kwa kamera yako kabla ya kutoka, na uchague kadi yenye alama ya V30, inayohakikisha kuandika megabaiti 30 kwa sekunde bila kushuka. Kadi za bei ya ajabu zinazouzwa barabarani mara nyingi huandikwa ukubwa ambao hazina, nazo hulifichua hilo zikishajaa nusu.

Jioni ile ile nakili kadi nzima, pamoja na folda zake zote kama zilivyo, kwenye diski mbili tofauti zitakazolala nyumba mbili tofauti. Linganisha idadi ya faili na ukubwa wake, kisha fungua klipu kadhaa, uzitazame mwanzo, katikati na mwisho. Ndipo kadi iruhusiwe kufutwa, nayo ifutwe ndani ya kamera, si kwenye kompyuta. Diski itakayotumika kwenye Windows na Mac iandaliwe kwa mfumo wa exFAT. Ule wa FAT32 haukubali faili linalofikia gigabaiti 4. Folda zipe majina yanayoanza na mwaka, mwezi na siku, na usiite chochote "mwisho" wala "mwisho kabisa".

Uhariri

Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha mahitaji yote ya mwanafunzi, lakini linataka kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 16 na kadi ya picha ya kueleweka, yaani ile ya ndani ya kompyuta inayochora kinachoonekana kwenye skrini. Kompyuta dhaifu itafurahia zaidi Kdenlive au Shotcut, ambazo nazo ni za bure. Ukitumia Resolve, weka fremu 25 kwenye mipangilio ya mradi kabla ya kuingiza klipu ya kwanza, kwa sababu baada ya hapo haitakubali kubadilishwa. Picha zikikwamakwama, tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za klipu ambazo programu huzitumia wakati wa kukata na kuziacha wakati wa kutoa filamu kamili.

Kata kwa mpangilio huu: panga kwanza maneno na sauti mpaka filamu ieleweke ukiwa umefumba macho, kisha funika mikato ya maneno kwa picha za mikono, kisha tandika ile dakika ya ukimya chini ya vyote. Rangi irekebishwe mwisho. Rekebisha uso wa fundi kwanza, kisha linganisha shoti nyingine na uso huo.

Jambo la ruhusa lisingoje hatua hii. Mweleze fundi mapema filamu itaonyeshwa wapi, na umwachie nafasi ya kukataa. Nchini Tanzania filamu husimamiwa na Bodi ya Filamu, na droni huhitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwa hiyo uliza chuoni ni barua gani utembee nayo.

Kurudisha

Toa betri kwenye kamera. Futa mchanga kwenye miguu ya tripodi kabla ya kuikunja, maana ukishaingia kwenye viungo hautoki. Nyaya zikunjwe kwa vitanzi, kimoja juu na kinachofuata kikigeuzwa chini, bila kuzungushwa kwenye kiwiko, na zifungwe kwa kamba laini. Kibao cha tripodi kifungue chini ya kamera, ukirudishe mahali pake huku mtunza stoo akikuona. Na kama mlango wa kushoto wa maikrofoni ulikuwa unakatakata kila waya ulipoguswa, andika hivyo kwenye daftari, kwa mwandiko unaosomeka, pamoja na tarehe.